Viza ya Schengen ukiwa Tanzania: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya ni maswali ninayoulizwa na ndugu, jamaa na watu wa ndugu na jamaa, mengi kwa meseji za sauti za usiku kutoka kwa mtu aliyechoka na mwenye hasira. Nimejibu kuhusu viza ya kutembea, ile ya muda mfupi ya nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa mtu anayeombea akiwa Tanzania. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: karaha yenu ni ya kweli. Utaratibu huu umetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mkataba wa ajira na mshahara unaoingia benki kila mwisho wa mwezi, na wengi wetu hatuishi hivyo, kwa hiyo kazi kubwa ni kuyafanya maisha yako yasomeke kwenye karatasi na mtu ambaye hajawahi kukuona.

Naombea ubalozini au kwenye kile kituo?

Nchi nyingi siku hizi hazipokei watu ubalozini, zimeipa kampuni yenye kituo chake kazi ya kupokea fomu, kuchukua alama za vidole na kukusanya ada, halafu faili linapelekwa kwa wenye nchi ndo linaamuliwa huko. Lielewe hili vizuri manake watu wanagombana na karani wa dirishani bure. Yule hana uwezo wa kukupa viza wala kukunyima, na akikwambia "hii haitapita" hayo ni maoni yake tu. Akisema kuna karatasi imepungua bado unaweza kuomba faili lipokelewe hivo hivo, kwa kawaida atakusainisha kwamba umeelezwa, ila kama hiyo karatasi unaweza kuipata kesho bora urudi nayo.

Na uamuzi si lazima ufanyike Dar. Maombi ya Uholanzi kwa mfano yanaamuliwa The Hague, Uholanzi kwenyewe. Kwa hiyo yule mtu anayekwambia "nina jamaa yangu ndani ya ubalozi, tuma kitu kidogo" anataka hela yako, hana kingine.

Unapeleka maombi ukiwa katika nchi unayoishi kihalali. Mtanzania anayefanya kazi Muscat akiwa na kibali cha kuishi anaombea huko huko Oman, hana haja ya kurudi nyumbani. Na kwa wanaoniandikia kutoka Goma na Bukavu, poleni sana, najua kwenu ofisi iko Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500, na kabla hata hujajaza fomu umeshalipa nauli ya ndege. Kwetu pia mtu wa Songea au Kigoma anapanda basi kuja Dar kuweka vidole kwa dakika kumi halafu anageuza. Hilo gharama yake haiandikwi popote.

Nianze lini?

Sheria yao inaruhusu kupeleka maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Watu wanasoma hiyo 15 wanaona wana muda, hapana. Ukiwa unasafiri Julai au Agosti anza Februari au Machi, manake kipindi cha kiangazi cha Ulaya kila mtu anaomba kwa pamoja, wanafunzi, walioalikwa harusi, wafanyabiashara wa maonyesho, wote.

Ila kabla ya yote fungua pasi yako uiangalie. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku unayopanga kutoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Nimeona mtu amekusanya kila kitu, bima, barua, steitimenti, kumbe pasi inaisha wiki mbili baada ya kurudi. Hapo unaanzia Uhamiaji upya.

Apointimenti hazipatikani kabisa, ninunue kwa dalali?

Hili ndo linaloniuma kuliko mengine. Unafungua tovuti asubuhi hamna kitu, mchana hamna kitu, halafu kuna mtu mtaani anakwambia anayo ya Jumanne ukimpa laki mbili. Nafasi yenyewe kwenye tovuti hailipiwi hiyo hela! Wapo vishoka wanaozishika nafasi kwa majina ya watu wengine kisha wanaziuza, na anayeumia ni yule aliyekaa na simu yake anabonyeza kwa uaminifu.

Usinunue. Kwanza jina na namba ya pasi ya kwenye miadi visipolingana na vyako unaweza kurudishwa mlangoni. Pili unampa mtu usiyemjua picha ya pasi yako. Jaribu muda tofauti, usiku sana na alfajiri, manake watu wanaghairi na nafasi zinarudi, na andika imeili ubalozini ueleze safari yako na tarehe, kwa heshima na kwa ufupi. Wengine hujibiwa, hasa wenye mkutano au mgonjwa. Hifadhi picha za skrini zenye tarehe zinazoonyesha kwamba hakuna nafasi, zikusaidie kujieleza ukichelewa.

Shilingi ngapi jumla? Nikinyimwa wananirudishia?

Hawarudishi. Ada ilikuwa yuro 80, tangu tarehe 11 Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto aliyefikisha miaka 6 ila hajafika 12, chini ya hapo bure. Unalipa kwa kiwango cha kubadilisha fedha wanachopanga wao. Juu yake kuna ada ya huduma ya kituo, ambayo kwa kanuni zao haitakiwi kuzidi nusu ya ada ya viza, halafu bima, nauli, kutafsiri, kutoa kopi. Kima cha chini cha mtumishi wa serikali yetu tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000, na ada ya viza peke yake inakula zaidi ya nusu ya hapo. Mtu anatoa hela hiyo kwa ajili ya kuulizwa tu, jibu likiwa hapana imekwenda. Sioni haki hapo na sitajifanya naiona.

Zile za meseji ya simu, kuletewa pasi nyumbani na chumba maalum cha kusubiria ni hiari, hazina athari yoyote kwenye uamuzi. Ukiambiwa kwa namna ambayo inaonekana ni lazima, uliza tena.

Naenda nchi tatu, naombea ipi?

Ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingilia kwanza. Usiombe nchi unayosikia "wanatoa kirahisi" halafu bukingi zako zote ziko kwingine, wanaliona hilo kwenye ratiba yako mara moja. Schengen sasa ni nchi 29, Kroatia imo tangu 2023. Uingereza na Ireland hazimo, kwa hiyo ukitaka kupita London kumsalimia shangazi hiyo ni viza nyingine na ada nyingine.

Steitimenti ya benki iwe na shilingi ngapi?

Kila nchi ina kiwango chake. Ufaransa kwa mfano inataka yuro 65 kwa siku kama una bukingi ya hoteli, 120 kama huna, na 32.50 kama mwenyeji wako amekutolea ile attestation d'accueil, hati rasmi kwamba atakupokea nyumbani kwake. Siku 10 Paris na hoteli, uonyeshe angalau yuro 650 mbali na tiketi. Hesabu yenyewe siyo ngumu.

Kinachowaangusha watu ni mwenendo wa akaunti. Unakuta miezi mitano akaunti inacheza na elfu themanini, elfu ishirini, laki moja, halafu wiki mbili kabla ya maombi inaingia milioni kumi na mbili kwa mkupuo, ikiwa imekopwa kwa shemeji irudi baada ya viza kutoka. Yule ofisa anasoma karatasi za namna hiyo siku nzima, anachoona ni hela ya kuonyesha, siyo ya kwako. Na akishaona hilo basi hata yale ya kweli uliyoyaandika anayatilia shaka.

Lakini kuna hela kubwa inayoingia ghafla kwa sababu halali kabisa. Umepokea upatu, zamu yako imefika. Umeuza kiwanja. Umevuna mpunga ukauza kwa pamoja. Umepata kiinua mgongo. Sasa benki haiandiki "upatu" pale, inaandika cash deposit na tarehe, basi ni wewe utakayeeleza. Chukua barua ya kikundi yenye majina ya viongozi, sahihi na muhuri, ambatanisha mkataba wa mauzo ya kiwanja, weka alama ya kalamu kwenye ule mstari wa steitimenti na uandike pembeni "tazama kiambatanisho namba 6". Kitu kidogo hivo, ila kinamwondolea msomaji kazi ya kukisia.

Steitimenti iwe ya miezi 3 mpaka 6 kutegemea nchi, yenye muhuri wa benki, siyo picha ya skrini ya aplikesheni.

Sina ajira, nina biashara yangu. Nitathibitishaje kwamba nitarudi?

Swali la watu wengi kuliko yote na nitakaa nalo kidogo.

Kwenye kunyimwa kuna sababu moja inayojirudia, kwamba kuna mashaka ya msingi kuhusu nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha. Mtu mzima, ana watoto wanne, ana nyumba Mwanza, ana mama yake mgonjwa anamtunza, anaambiwa hatuamini kama utarudi. Inauma na ina haki ya kuuma. Lakini ukilifungua faili lake unakuta pasi, bukingi, steitimenti na barua ya mistari minne. Watoto hawamo, nyumba haimo, mama hayumo. Aliyeamua hakuwaona kwa sababu hawakuwepo kwenye lile faili.

Kuna mama anauza vitenge Mwanza, fremu yake iko karibu na soko, tulikaa naye kupanga karatasi upya baada ya kunyimwa. Hela yake karibu yote inapita kwenye M-Pesa, nyingine iko kwenye VICOBA na nyingine ni mzigo wenyewe uliokunjwa kwenye mashelfu. Tulichoweka: cheti cha TIN, leseni ya biashara ya halmashauri, uthibitisho wa kulipa kodi TRA, mkataba wa pango la fremu ambao unaendelea mwaka mzima mbele, steitimenti ya M-Pesa iliyogongwa muhuri, barua ya kikundi chake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na uthibitisho wa ada za shule alizokwisha lipa za muhula unaofuata. Ile barua tukaiandika upya ukurasa mmoja. Sentensi ninayoipenda mle ni ile aliyoisema mwenyewe kwa mdomo nikamwambia tuiandike ilivyo: kwamba mauzo yake makubwa ni Idi na Desemba, ndo maana anasafiri Februari, na mzigo wa Idi ameshaulipia nusu kwa msambazaji, risiti imeambatanishwa. Hapo msomaji anaona mtu ambaye asiporudi anapoteza. Safari hii alipewa.

Siwezi kukuahidi kwamba na wewe utapewa. Wapo waliopanga vizuri hivo hivo wakanyimwa, hasa vijana ambao hawajaoa wala kuolewa na hawajawahi kutoka nje. Kijana wa miaka 24 hana hati ya nyumba, atoe wapi? Kwa huyo nasema weka ulichonacho: barua ya chuo ya kurudi masomoni, mkataba hata wa muda, safari zako za Nairobi, Kampala au Dubai zenye mihuri ya kwenda na kurudi.

Ninunue tiketi ya ndege kwanza?

Hapana. Kinachotakiwa ni bukingi, yaani reservesheni inayoonyesha kwenda na kurudi, na hata balozi nyingi zinashauri usilipe tiketi kabla viza haijatoka. Nenda kwa wakala wa tiketi anayeaminika akushikie. Ile ya kutengenezwa na mtu kwenye kompyuta achana nayo, namba ya bukingi inaangaliwa kwa sekunde chache tu. Hoteli chukua zile za kughairi bure, na ukighairi kabla uamuzi haujatoka ujue wanaweza kuipigia hoteli.

Bima ni lazima, iwe ya angalau yuro 30,000 na iguse siku zote za safari katika nchi zote za Schengen. Za hapa nyumbani zinakubalika kama kampuni iko kwenye orodha ya ubalozi husika.

Dada yangu yuko Ujerumani amenialika, barua yake inatosha?

Barua ya kawaida inaeleza tu uhusiano. Kama yeye ndo anagharamia, aende ofisi ya wageni ya mji wake atoe Verpflichtungserklärung, hati ya kujifunga kisheria kwamba atalipia gharama zako, na wewe upeleke ile orijino. Ufaransa mwenyeji anakwenda ofisi ya meya kuchukua attestation d'accueil. Uholanzi kuna fomu ya udhamini inayothibitishwa manispaa. Mwambie dada aanze mapema, huko nako kuna foleni zake.

Weka na uthibitisho wa udugu, vyeti vyenu viwili vya kuzaliwa vyenye wazazi wale wale. Ukiwa umeolewa au umeoa raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya na mnasafiri pamoja kwenda nchi nyingine ya umoja huo isiyo ya kwake, viza yako ni bure na inatakiwa ishughulikiwe haraka. Wengi hawalijui hili wanalipa.

Majina yangu yanatofautiana, pasi Mohamed, cheti Muhammad.

Kamata hili mapema kabla ya kuweka miadi. Nenda kwa wakili upate hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na kama tofauti ni kubwa rekebisha RITA au Uhamiaji. Cheti cha ndoa kikiwa kwa Kiswahili peke yake kitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika na ubalozi huo.

Picha?

Milimita 35 kwa 45, mandhari meupe au ya kijivu hafifu. Siyo ile ya bluu ya studio zetu.

Nasafiri na mtoto ila baba yake hatupo naye.

Unahitaji ridhaa yake ya maandishi mbele ya wakili pamoja na kopi ya kitambulisho chake. Kama amefariki weka cheti cha kifo, kama mahakama ilikupa malezi peke yako weka ile amri. Mtoto chini ya miaka 12 hawekwi alama za vidole.

Wanakaa na pasi yangu? Nina safari ya Guangzhou katikati.

Wanakaa nayo, na wafanyabiashara wa Kariakoo hapa ndo wanapoumia, mzigo unasubiri China na pasi iko kwenye faili. Panga kipindi ambacho huna safari. Kuiomba mapema inawezekana ila mara nyingi maana yake unaondoa maombi, na ada haikufuati.

Siku 15 zimepita, kimya.

Kawaida ni siku 15 za kalenda tangu maombi yakubalike, na wanaweza kurefusha mpaka 45. Kimya siyo dalili mbaya wala nzuri. Usipeleke maombi mengine nchi nyingine wakati haya hayajajibiwa. Angalia simu na imeili, mpaka ile folda ya spamu, manake wakihitaji karatasi ya ziada wanakupa siku chache tu.

Nimenyimwa. Nifanye nini?

Pole. Kwanza kaa nayo siku mbili tatu, usirudi kuomba kesho yake kwa hasira na karatasi zile zile. Soma ile fomu, kuna visanduku vyenye sababu na kimoja au zaidi kimewekwa alama. "Madhumuni hayakuthibitishwa" ni tatizo la mwaliko na ratiba, "njia za kujikimu" ni hela, "taarifa si za kuaminika" ni zito maana wametilia shaka karatasi zako.

Una haki ya kukata rufaa, na utaratibu na muda wa mwisho vimeandikwa kwenye barua hiyo hiyo. Uholanzi ni wiki 4. Ujerumani ule utaratibu wa zamani wa kuandika barua ubalozi uangalie upya uamuzi umefutwa tangu tarehe 1 Julai 2025, sasa ni kuomba upya au kwenda mahakamani Berlin ndani ya mwezi mmoja. Kwa wengi kuomba upya na faili lililorekebishwa ni nafuu kuliko wakili, isipokuwa kama walikosea wazi kabisa, mfano wanasema hukuleta bima na unayo risiti ya kituo inayoonyesha uliileta.

Nikiomba nchi nyingine watajua nilinyimwa?

Watajua. Kuna hifadhi moja ya taarifa inayotumiwa na nchi zote, inaitwa VIS, ina vidole vyako na maamuzi ya nyuma kwa miaka 5. Kwa hiyo usifiche, andika ulinyimwa lini na nini kimebadilika. Uzuri wake ni kwamba ukishaweka vidole hutatakiwa kuviweka tena kwa miezi 59, na viza ulizozitumia vizuri zinahesabika: ukipata na kuzitumia kihalali tatu ndani ya miaka 2, kanuni zao zinasema unastahili ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi, kama hakuna shaka lingine juu yako.

Nimepata! Niangalie nini?

Usiondoke kituoni kabla hujaifungua pasi. Angalia herufi za jina na namba ya pasi kwanza. Halafu tarehe ya kuanzia na ya kuishia, na hapo chini idadi ya siku, hivi ni vitu viwili tofauti. Unaweza kukuta kipindi cha mwezi mzima ila siku zilizoandikwa ni 14, basi ni 14 tu utakazokaa ndani ya kile kipindi. Kwenye idadi ya kuingia 01 ni mara moja, MULT ni mara nyingi, na ukiwa na 01 usikatishe kwenda London ukitegemea kurudi Paris kupanda ndege. Siku zinahesabiwa kwa mashine sasa, mfumo wa EES wa kuandikisha wanaoingia na kutoka ulianza tarehe 12 Oktoba 2025, unapigwa picha mpakani na vidole vyako vinaweza kulinganishwa na vile vilivyomo VIS, badala ya kugongewa muhuri.

Kopi za mwaliko, bima, bukingi na tiketi ya kurudi weka kwenye begi la mkononi, siyo lile la chini ya ndege, ofisa wa uwanjani ana haki ya kukuuliza yote upya. Na ukikuta herufi moja ya jina imekosewa kwenye stika waambie hapo hapo dirishani wakiwa bado wana faili lako.